Sabili ya Bibi wa Mtandao

Ukitaka kujua kama Bibi wa Mtandao yuko nyumbani, hukuwa na haja ya kubisha hodi. Ulisimama tu kwenye kona ya mtaa wake pale Gongoni, Tabora mjini, ukatega sikio. Sauti yake ilitoka barazani, ikavuka paa za Kanyenye, ikafika Nzega bila kulipa nauli. Naapa, kuna kuku wa Nzega walioacha kutaga kwa sababu yake.

"Wewe mwenye miguu ya korongo! Umekaa kwenye baraza langu hujatoa salamu, unadhani umepanda basi?"

"Samahani, Bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Haya, nisomee."

Huo ndio ulikuwa utaratibu. Unasalimia, unakaa, unamsomea kwa sauti kilichomo kwenye simu yako, na kama ni masomo anaondoka zake. Kama si masomo, Mungu akusaidie.

Sitasimulia alizaliwa lini wala ukoo wake ulitoka Omani na nani. Hayo wenye mji wanayajua, na yeye mwenyewe akiulizwa umri alijibu, "Mimi mkubwa kuliko taa za barabarani." Nasimulia niliyoyaona kwa macho haya mawili, miaka ile niliyosoma masomo ya jioni nikiwa mtu mzima mwenye ndevu za kufungia mzigo. Mchana nilikuwa nauza asali, jioni mwanafunzi wa kidato cha pili. Darasani nilikaa nyuma ili ndevu zisiwazibie wenzangu ubao.

Walimu wetu wa jioni walikuwa wachache kuliko meno ya kuku. Mwalimu wa biolojia alihamia Dodoma, lakini kwa huruma yake akawa anatutumia masomo kwenye grupu la simu: maelezo, picha, na video za yeye mwenyewe akichora figo ukutani. Masomo yakawa mengi ghafla, tatizo likawa kuyafungua. Wengi wetu tulikuwa na vitochi, zile simu za kupigia tu, ambazo ukizitumia video ni sawa na kumpa mbuzi gazeti. Wenye simu janja nao walikuwa na simu bila bando. Ukinunua bando la kuonea figo moja, figo ya pili unaiona mwezi ujao.

Aliyegundua baraza alikuwa Tausi, mshonaji wa Kanyenye, mwenzangu wa dawati. Alitaka kuwa muuguzi. Hilo alilisema siku ya kwanza darasani, kabla hata hajaulizwa jina. Alipita pale Gongoni na simu ya kuazima yenye kioo kilichopasuka, mara simu ikaanza kulia kama imeingiwa na pepo, ujumbe wa wiki nzima unaingia. Akakaa hapohapo. Bibi akatoka.

Maneno yao Tausi alinisimulia mwenyewe, tena mara nyingi.

"Unafanya nini hapa, na hiyo simu kama gamba la kobe?"

"Shikamoo, Bibi. Mtandao wa ndani kwako unafika mpaka hapa nje. Nasoma biolojia."

"Unapungua ukisoma?"

"Unapungua, Bibi. Sitakudanganya."

Sasa hapa mtu wa mahali pengine hawezi kuelewa mpaka aelezwe mtungi. Kando ya mlango wa nyumba ile palikuwa na mtungi wa maji na kikombe cha bati kisichofungwa mnyororo. Hiyo ni sabili, maji yanayowekwa nje kwa ajili ya mpita njia yeyote, na thawabu zake zimwendee marehemu wa nyumba. Wakwe zake waliiweka tangu enzi za misafara, watu wakitoka Ujiji midomo imepasuka kwa vumbi, na mumewe alipofariki yeye akaiendeleza kwa jina lake. Maji ya sabili hayauzwi. Hayaulizwi unakunywa kwa nini. Na hakuna, tangu dunia iumbwe, aliyeyafunga kwa kufuli.

Bibi akautazama mtungi, akamtazama Tausi.

"Na huu nao unapungua," akasema. "Soma."

Mtandao ule haukuwa wake hasa. Mwanawe wa pekee, aliyeko Maskati, ndiye aliyenunua ruta na kulipia kifurushi cha kila mwezi ili amwone mama yake uso kwa uso kila baada ya alasiri. Kifurushi kilikuwa na mwisho wake. Kikiisha katikati ya mwezi, ndiyo basi mpaka mwezi uandame. Kwa hiyo kila figo tuliyoifungua sisi barazani ilikuwa inakatwa kwenye uso wa mtoto wa mwenye nyumba. Yeye alilijua hilo tangu siku ya kwanza. Sisi tulilijua baadaye.

Alikuwa na mambo yake. Sukari aliificha kama dhahabu. Chai yake mgeni alitiliwa kijiko kimoja, na kijiko chenyewe alikipangusa kwa kidole kabla hakijafika kwenye kikombe. Lakini mtandao aliumwaga. Simu aliziita vioo vya uvivu, halafu ruta ikizima taa moja alipiga kelele mtaa mzima ukakusanyika kama kuna mgonjwa. Kwa herufi za Kiarabu alisoma vizuri, hizi zetu hakuzijua hata moja, na hakutaka kufundishwa. "Kila mtu ana macho yake," alisema. "Ninyi ndio macho yangu upande huo. Nisomeeni."

Ruta aliiweka kwenye dirisha la mbele, ndani ya nondo. Akaona vumbi la Tabora litaiua, akaifunika kitambaa alichofuma mwenyewe, chenye maua manne kwenye pembe. Ijumaa akaifukiza udi pamoja na sebule. Fundi alipoitwa kuja kuona kwa nini mtandao unachechemea, alikuta kitu kimechemka kuliko jiko la mama lishe.

"Bibi, hii inataka hewa. Toa kitambaa."

"Mgeni hakai uchi kwenye nyumba yangu."

"Si mgeni, ni mashine."

"Imetoka wapi? Hapa Tabora?"

"Nje huko."

"Basi ni mgeni."

Fundi akashindwa. Wakakubaliana kitambaa kikae juu, mbavu ziachwe wazi.

Mimi alinipenda kwa sababu ya ndevu, au alinichukia kwa sababu hiyohiyo, sikuwahi kujua. Wanyamwezi wa vijijini wakipita na baiskeli za mkaa aliwaamkia "Mwangaluka!" kwa lafudhi ya kwao mpaka wanashuka kumwitikia, mimi akiniita Mpagazi. "Babu zako walibeba, wangu walikaa kivulini wakihesabu," aliniambia siku moja bila kupepesa. "Usicheke. Si jambo la kucheka." Kisha akaniletea chai. Ilikuwa na sukari. Nilishtuka nusura niite shahidi.

Siku niliyomweleza habari za mkongo ndiyo siku niliyomwona amekasirika kweli. Nilimwambia kwamba ule mtaro uliochimbwa kando ya barabara kuu, mimi nilikuwa miongoni mwa wachimbaji, na chini yake tulilaza waya ambao ndani yake mtandao unapita kwa kasi ya umeme, unakwenda hadi nchi za jirani. Nilijisifu kidogo. Nilisema nilichimba peke yangu kutoka Igunga, kwa kijiko.

"Unapita hapa?" akauliza.

"Hapahapa, Bibi. Chini ya miguu yetu."

"Na mtoto wa Tabora akitaka kuchota?"

"Bei, Bibi. Na vifaa."

Akanyamaza. Bibi kunyamaza lilikuwa jambo la kutangazwa redioni. Halafu akasema, "Zamani vitu vya thamani vilipita juu ya vichwa vya watu, sasa vinapita chini ya miguu. Mji huu umefanywa njia tu." Akainuka kwenda kujaza mtungi, na ulikuwa umejaa.

Ahadi nazo zilikuja. Kwenye kituo chetu cha masomo ya jioni alifika mgeni mmoja na masanduku ya vishkwambi, tukapangwa mstari, kila mmoja akashikishwa chake, tukapigwa picha tukitabasamu. Mimi nilitabasamu mpaka masikio yakagusana kisogoni. Picha ilipokwisha vikakusanywa, tukaambiwa vinakwenda kusajiliwa. Bado vinasajiliwa. Nilipomsimulia Bibi aliuliza swali moja tu: "Picha yenyewe mlipewa?" Hapana, na picha hatukupewa.

Kwa hiyo likabaki baraza. Na baraza likajaa. Kwanza tulikuwa sisi wa masomo ya jioni, wakaja wa sekondari za mchana, wakaja wa chuo, wakaja na wasiosoma chochote. Hapo ndipo "nisomee" ilipopata kazi. Kijana mmoja mwenye kofia alikamatwa siku ya kwanza tu.

"Nisomee."

"Wenyeji kushinda... wageni kushinda... au sare."

"Hilo somo gani?"

"Hisabati, Bibi."

"Hisabati ya kubeti! Mkeka huo ukichanika utalala kwenye sakafu. Nenda kaufungulie kwenu!"

Sisi tulicheka mpaka simu zikatuanguka. Lakini tuliomsomea kweli alitusikiliza kweli. Figo alizisikia, na mizunguko ya damu, na Vita vya Maji Maji. Akisikia jambo mara ya pili alikukatiza, "Hilo nimeshalisikia, nisomee jipya." Tausi alipomsomea jinsi ya kumsafisha mgonjwa kidonda, Bibi alikunja kanzu mpaka gotini, akamwonyesha kovu lake, akasema, "Ukiwa nesi pale hospitali ya Kitete, mimi nitakuja kwako. Wale wengine wana haraka." Tausi akajibu, "Utakuja, Bibi, na sitakuweka foleni." Ikawa ahadi. Kila alipofika aliulizwa, "Nesi wangu, bado?" Naye, "Bado kidogo, Bibi."

Upande wa pili wa hesabu alikuwa mwanawe. Nilikuwepo alasiri moja akipiga. Bibi alivaa ushungi mpya, akakaa wima kama anapigwa picha ya pasipoti. Uso wa mwanamume wa makamo ukatokea, ukasema "Mama, shika—" ukaganda. Mdomo wazi, jicho moja limefumba. Kifurushi kilikuwa kinakata roho.

Tausi akanyoosha mkono amsaidie kupiga upya.

"Usiguse," Bibi akasema. "Kikibonyezwa ataondoka."

Akakaa hivyo, simu magotini, akiutazama uso ulioganda. Sisi barazani tukazima zetu mmoja mmoja bila kuambizana. Akaendelea kuutazama mpaka chaji ikaisha, kioo kikawa cheusi, akajiona mwenyewe. Kesho yake mwana akapiga simu ya kawaida, na sauti ya Bibi tuliisikia sote.

"Neno la siri? Nifunge? ... Sikiliza, baba. Wewe uso wangu unaujua. Hawa hawajui hata figo iko wapi... Ndiyo, nakutamani. Nakutamani sana. Lakini niwafungie wenye kiu, halafu jina la baba yako niliweke wapi?"

Ndiyo hivyo. Kwa desturi zake zote hapakuwa na mlango wa kumfungia mtu, na pale ndipo balaa lilipotupata.

Matokeo ya kidato cha nne yalitoka, Tausi akafaulu. Mimi pia nilifaulu, na siku ile niliwaambia wateja kwamba asali yangu sasa imesomea. Tausi akawa anasubiri dirisha la maombi ya chuo cha uuguzi, na maombi yote ni mtandaoni. Vyeti vyake vilichelewa, vikafika siku ya mwisho yenyewe. Mchana alikuwa kwenye cherehani, tajiri wake hakumruhusu kutoka. Alipotoka alikimbilia Gongoni.

Sasa siku hiyo Bibi alikuwa msibani, mitaa ya Kitete. Barazani hapakuwa na wa kusema "nisomee". Na siku hiyohiyo palikuwa na mechi kubwa ya watani wa jadi. Vijana walikuwa wamejaa kama nzige, kila mmoja anaitazama mechi kwenye simu yake, mechi ileile moja, badala hata ya kukusanyika kwenye simu moja. Tausi aliketi, akafungua ukurasa wa maombi. Ukafunguka nusu. Picha ya chuo ikaonekana, paa lake na mnazi mmoja. Halafu ruta ikalemewa, ikanyamaza. Vijana wakapiga kelele kwa sababu ilikuwa penalti.

Akaweka kabando kwenye simu, kakaisha akipandisha cheti cha kwanza. Akakimbilia kwenye steshenari wanakojazia watu fomu, akakuta foleni ya waliochelewa wenzake. Nilimkuta hapo nikapanga naye mstari, nikamchekesha. Nilimwambia akiwa nesi sindano yangu aichovye kwenye asali. Akacheka. Zamu yake ilipofika, yule wa steshenari alibonyeza, akasubiri, akabonyeza tena, kisha akageuza kioo tusome wenyewe: dirisha la maombi limefungwa.

Bibi aliporudi kutoka msibani alimkuta amekaa barazani, mgongo ukutani.

"Nesi wangu, bado?"

Tausi akamweleza. Hakulia, alieleza tu, kama anasoma.

Bibi akasimama palepale na buibui lake la msibani. Kisha akamwita fundi, akasema, "Tia kufuli." Hilo kwake lilikuwa kama kuuza kaburi. Fundi akatia neno la siri. Wiki nzima mtandao ulikuwa umetulia, uso wa mwana ukaonekana mzima, wakazungumza mpaka chai ikapoa. Lakini watu hawakuacha kuja. Walikaa, wakasalimia vizuri, wakamtazama. Na mtu akishakuamkia barazani kwako, akaomba, unamnyimaje? Akampa mmoja neno la siri, kwa sauti yake ileile. Wa kwanza kulipata nje ya Gongoni nadhani walikuwa wale kuku wa Nzega.

Mwaka uliofuata Tausi aliomba kwa wakati. Wakati huo ada ilikuwa imemshinda, na mama yake alikuwa anaumwa. Mwaka wa tatu hakuomba. Leo yuko Kanyenye, cherehani ileile, na ni fundi hodari kuliko wote Afrika Mashariki, hilo halina ubishi. Anashona sare za wanafunzi wa uuguzi. Ukipita unamwona ameshika gauni jeupe, mdomoni mna pini, anapima kola kwa macho. Nilimwuliza kwa nini anapokea kazi hizo. "Zinalipwa, bwana ndevu," akasema, akaendelea kushona.

Ruta nayo ilifika mwisho wake. Mwana alipoteza kazi kule Maskati, akamwambia mama yake kwa simu ya kawaida kwamba kifurushi hatakiweza tena. Tulijaribu kuchanga, sisi wa barazani. Wachangaji tulikuwa wachache, na wote ni wale waliokuwa wanasomea figo. Kabla mwezi wa pili haujaandama tukashindwa.

Nilimtembelea kiangazi hiki. Nilimpelekea chupa ya asali ya Sikonge, nzuri kiasi kwamba nyuki wenyewe walinifuata wakiidai. Nilipofika konani nilisimama nikatega sikio, kwa mazoea. Sikusikia kitu. Sauti iliyokuwa inafika Nzega sasa haivuki barabara.

Alikuwa amekaa barazani peke yake. Amepungua. Dirishani ruta ilikuwa palepale, bila taa hata moja, na kitambaa chake cha maua manne kimefuliwa, bado kina unyevu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, Mpagazi. Mwanangu hajambo, nimemsikia juzi. Sauti tu." Akajisogeza nikae. "Nesi wangu?"

"Yupo, Bibi. Anashona."

Akatikisa kichwa polepole, akajifunika mguu wenye kovu. Kisha akasema, "Haya. Nisomee."

Nikatoa simu. Haikuwa na bando, na hata ingekuwa nalo, sikuwa na cha kufungua. Grupu la darasa lilishakufa. Nikaishika mbele ya macho nikaanza kwa ghibu. Figo ziko mbili, zinachuja damu, zimelala upande huu na huu wa uti wa mgongo.

"Hilo nimeshalisikia. Nisomee jipya."

Nikakaa na simu mkononi.

Hapo akatokea msichana wa sekondari, sare ya bluu, mkoba kifuani. Nadhani aliambiwa na mtu, habari za zamani huchelewa kufa. Akatuamkia vizuri. Akainua simu yake kuelekea dirishani, akaishusha, akaiinua tena juu kidogo. Bibi alimtazama akifanya hivyo mpaka mkono wa mtoto ulipochoka.

"Maji yapo, mwanangu," akamwambia.

Msichana akautazama mtungi. Kiu hakuwa nayo, hilo lilionekana. Lakini alikuwa amelelewa. Akachota kikombe cha bati, akanywa chote, taratibu, simu ikiwa mkono wa pili, akakirudisha juu ya mtungi.

"Asante, Bibi," akasema, akaondoka.